Tufe Kuukuu Bado Lina Kazi

Katika maduka ya mitumba ya Marekani kuna rafu ya chini kabisa, jirani na pasi za zamani na vyuma vya kunyanyulia, ambako matufe ya bolingi hulazwa yakisubiri mtu. Tufe ambalo likiwa jipya lingekugharimu dola 150 hadi 250, hapo unalipata kwa bei ya chakula cha mchana. Wenzetu walioko huko, walioingia kwenye ligi za kazini au za mtaani, huuliza: nilichukue, au nitakuwa nimejinunulia jiwe? Wengine wana shida ya upande wa pili. Walinunua tufe jipya miaka kadhaa iliyopita, likawa linakata kona vizuri, na sasa linakwenda moja kwa moja kana kwamba halina habari na pini. Muuzaji amewaambia limekufa, wanunue jingine.

Jibu langu kwa wote ni moja: tufe halizeeki kwa kalenda, au kwa kiasi kidogo sana. Linazeeshwa na mafuta, joto na mikono liliyopitia. Lipo tufe la mwaka 1975 linaloangusha pini mpaka leo bila taabu, na lipo la mwaka juzi ambalo halifai hata kuzuia mlango. Kabla hujatoa pesa, za mtumba au za jipya, jifunze kutofautisha hayo mawili.

Kwanza tuelewane kuhusu mafuta, kwa sababu karibu kila kitu kinaanzia hapo. Njia ya bolingi ina urefu wa mita 18.29 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza. Ukiitazama inang'aa tu kama sakafu iliyopigwa deki, lakini karibu theluthi mbili za mwanzo zimepakwa mafuta na mashine, utando mwembamba usioonekana kwa macho. Mwisho wa njia ni mkavu. Tufe huteleza kwenye mafuta, likifika kwenye ukavu linashika sakafu, linageuka na kuingia kwa pembeni kwenye kundi la pini. Kona hiyo ndiyo wanayoilipia watu dola 200. Ganda la nje likishindwa kushika sakafu, kona hakuna, hata kama kiini cha ndani kilibuniwa na mhandisi gani.

Kwa hiyo unapokutana na tufe kuukuu, swali la kwanza si la mwaka gani, ni la ganda gani. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 matufe yalichongwa kwa mti mgumu uitwao lignum vitae. Raba ngumu ikaingia, na mwaka 1914 kampuni ya Brunswick ikatoa tufe la raba lililoitwa Mineralite, nayo raba ikatamba kwa miongo mingi. Baadaye ikaja poliesta, ambayo wachezaji wote huiita plastiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaingia yurethani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja resini ya riaktivu, iliyougeuza mchezo mzima.

Plastiki hainywi mafuta. Ganda lake ni gumu, limeziba, na ndani yake mara nyingi mna kiini bapa kama chapati, kisicho na hila yoyote. Tufe la namna hii likirushwa linakwenda lilikoelekezwa, basi. Wanaoanza hulidharau kwa sababu halikati kona, lakini hiyo ndiyo kazi yake: pini moja ikibaki kule pembeni kabisa, pini ya 10 kwa mfano, hutaki tufe lenye mawazo yake. Unataka linyooke. Wachezaji wa kulipwa, wenye matufe mengi ya bei mbaya, wengi wao hubeba na moja la plastiki kwa kazi hiyo. Ndiyo maana nasema tufe la plastiki la miaka 40, lisilo na ufa, lenye matundu yanayokukaa mkononi, lina thamani ileile ya jipya. Ukilikuta kwenye rafu kwa dola chache, usisitesite.

Yurethani hukaa katikati. Hunywa mafuta kidogo na kwa muda mrefu, hukata kona taratibu, na huvumilia miaka. Ina tatizo moja la kikanuni ambalo nitalirudia.

Riaktivu ndiyo yenye maneno. Resini hii huchanganywa na kilainishi ambacho hakishikamani nayo kabisa, na hapo hupatikana vitundu vidogo mno vya kunyonya mafuta. Tufe jipya linapopita njiani hufyonza mafuta liliyokutana nayo, uso wake unabaki mkavu, na likifika mwisho linang'ata sakafu. Ila vitundu hivyo vina ukomo. Vikijaa, mafuta hubaki juu ya ganda na tufe huteleza mpaka kwenye pini. Huko ndiko kufa wanakokusema wauzaji. Mimi naona ni kushiba. Aliyeshiba anaweza kupata njaa tena.

Kuna namna nyingine ya kuisha, na hapa ndipo kalenda inapojipenyeza. Kile kilainishi hutoka chenyewe kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita, na joto hukikimbiza zaidi. Kikishatoka hakirudi, ufanye utakavyo. Tufe la riaktivu la miaka 20 unaweza kulifufua kwa sehemu, likakata kona ya wastani, lakini usitarajie lirudi siku lilipotoka kwenye boksi. Anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno.

Basi tuseme uko mbele ya ile rafu. Lichukue tufe, lisogeze dirishani au washa tochi ya simu, na uliinamishe ili mwanga ulipige kwa ubavu. Anzia kwenye daraja, yaani ule ukuta mwembamba kati ya tundu la kidole cha kati na la kidole cha pete. Nyufa nyingi huanzia hapo, na nyingine kwenye mdomo wa tundu la kidole gumba. Pitisha ukucha polepole kukatisha mstari wowote utakaouona. Ukucha ukikwama, huo ni ufa. Usipokwama, huenda ni mkwaruzo wa juu tu, au pete ya mafuta. Kisha lizungushe mkononi utafute pete hizo, mistari iliyopindana ambayo mafuta yameiacha kwenye ganda. Zikiwa nyingi na zimetawanyika, umeshika tufe lenye kiini chenye nguvu, pengine riaktivu. Ukiona ukanda mmoja tu uliochubuka, uliojirudia palepale mpaka umekuwa kama barabara, hilo ni plastiki au la zamani lenye kiini bapa. Ingiza na tochi ndani ya matundu. Ufa ulioanzia ndani hauonekani ukiangalia juu juu, na muuzaji wa mitumba hana sababu ya kukutajia.

Ufa unaozunguka tufe, unaotoka tundu moja na kupotelea upande wa pili, ni mwisho wa habari. Liache. Kuna mafundi wanaojaza nyufa kwa resini, na kwa mpasuko mfupi wa daraja kazi hiyo inaweza kudumu, lakini ganda lililojitenga na kiini halishikiki. Tena tufe la namna hiyo linaweza kumeguka likiwa kwenye mashine ya kurudishia matufe, na hapo utazungumza na mwenye ukumbi kwa lugha nyingine.

Mikwaruzo, rangi kufifia, jina la mtu lililochongwa: hayo yasikutishe. Matufe mengi ya zamani yamechongwa jina la mwenyewe, na kucheza na tufe lenye jina la mtu mwingine hakujawahi kumpunguzia mtu alama.

Sasa matundu. Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wa mitumba hulisahau, nalo ndilo linaloumiza. Tufe hutobolewa kwa mkono wa mtu mmoja: umbali kutoka gumba hadi vidole viwili, unene wa kila tundu, mlalo wake, na kama mwenyewe ni wa mkono wa kulia au wa kushoto. Ingiza gumba lote hadi mwisho, kisha lalisha vidole juu ya matundu yake. Kwa mshiko wa kawaida wa wanaoanza, kiungo cha pili cha vidole kiangukie karibu na ukingo wa ndani wa tundu. Kwa mshiko wa ncha, ambao vidole huingia mpaka kiungo cha kwanza tu, utaona matundu yako mbali zaidi na mara nyingi yamewekewa vichomeo vya raba. Ukilazimika kunyoosha mkono mpaka kiganja kiume, usilicheze hivyohivyo ukidhani mkono utazoea. Mkono hauzoei. Utalibana tufe kwa gumba, utachelewa kuliachia, na baada ya wiki chache utakuwa unauguza kifundo.

Dawa ipo na haina gharama ya kutisha. Fundi wa matufe huyajaza matundu ya zamani kwa resini, inakauka, kisha anatoboa mapya kwa kipimo cha mkono wako. Gharama yake ni sehemu tu ya bei ya tufe jipya zuri. Jumlisha basi: bei ya rafuni, kujaza na kutoboa, vichomeo vipya. Kwa tufe la riaktivu zuri ambalo lina umri wa miaka mitano au sita, hesabu hiyo mara nyingi inakutoa vizuri. Kwa tufe la plastiki haikutoi, kwa sababu plastiki jipya lenyewe ni rahisi. Kwa hiyo la plastiki linunue tu kama matundu yanakukaa, au yanahitaji kupanuliwa kidogo.

Vilevile lipime uzito. Kanuni inaruhusu mpaka pauni 16, kama kilo 7.26, na wanaume wa kizazi kilichopita waliona haya kubeba pungufu ya hapo, ndiyo maana mitumba mingi ni pauni 16. Siku hizi hata wachezaji wa kulipwa wengi wameshuka mpaka 15. Ukirithi tufe la baba mkwe na bega lako linalalamika, liweke kama kumbukumbu, ucheze na la pauni 14. Hakuna anayekupa alama za heshima.

Tufike kwenye kulifufua. Mazoea ya kwanza ni madogo na yana faida kuliko yote yatakayofuata: lifute kila baada ya kurusha, kwa kitambaa kikavu cha maikrofaiba, na ukimaliza kucheza lisafishe papo hapo kabla halijaingia mkobani. Tufe likitoka njiani lina vuguvugu na mafuta bado yako juu. Ukisubiri mpaka kesho yatakuwa yameshazama. Kuna dawa za kusafishia zinazouzwa kwenye maduka ya mafundi, lakini alkoholi ya isopropili na kitambaa safi hufanya kazi nzuri. Angalizo kwa wanaocheza ligi zilizoidhinishwa Marekani: tangu Agosti 1, 2019, wakati wa mashindano ni kitambaa kikavu tu. Majimaji tumia kabla mchezo haujaanza au baada ya kwisha.

Lililokwisha kushiba linahitaji kuogeshwa. Ziba matundu kwa mkanda wa plastiki usiopitisha maji, ubonyeze kingo zake kwa kidole gumba mpaka zishike. Weka tufe kwenye ndoo, mimina maji ya moto mpaka yalifunike, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Maji yasichemke. Nyuzi 60 ni mpaka wa juu, na mimi ningebaki kwenye 50, joto ambalo mkono unalivumilia kwa shida. Baada ya dakika chache utaona juu ya maji vijiduara vya rangi vikielea na kuungana, na ukilitoa tufe utakuta ganda limetokwa na jasho la mafuta, linateleza mikononi kama samaki. Shika vizuri, maana pauni 15 zikikuangukia mguuni hadithi inabadilika. Lifute, badilisha maji, rudia. Kila mara liachie dakika 20 hivi, au mpaka maji yapoe. Likiacha kutoa mafuta, ondoa mkanda, ligeuze matundu yatazame chini, liache likauke mpaka kesho yake kwenye chumba, si juani. Kwa tufe ambalo halijawahi kuoshwa maisha yake yote, maji ya kwanza hutisha kwa uchafu. Ni dalili nzuri.

Wenye haraka hulipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kupasha joto la kiasi, inayokamua mafuta bila kuzidisha. Ni njia salama zaidi kuliko ndoo, kwa sababu joto lake linadhibitiwa, na kama tufe lako bado liko ndani ya udhamini wa mtengenezaji, muulize fundi kwanza ipi inakubalika. Zisizo salama ni zile za kubuni nyumbani: jiko la kuokea, mashine ya kuoshea vyombo, kikaushia nywele, dashibodi ya gari. Ganda na kiini ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja hutanuka kwa kiasi chake kikipata joto. Kimoja kikitanuka kuliko mwenzake, ganda linapasuka. Watu wameharibu matufe ya dola 200 kwa kuokoa dola 20 za fundi.

Baada ya kuoga unafuata msasa, na hapa ndipo wengi wanapogundua kwamba tufe lao halikuwa limeshiba sana kama walivyodhani. Ganda hutoka kiwandani na ukwaruzo maalumu, mwembamba, wa kuling'atisha sakafu. Kadiri linavyosuguana na njia, ukwaruzo huo unalainika na uso unang'aa. Tufe linalong'aa huteleza mbali zaidi kabla ya kushika. Mchezaji anaona halikati kona, anadhani limekufa, kumbe limekuwa tu kioo.

Msasa wa matufe huuzwa kama vipande laini vya duara vyenye namba. Namba ndogo kama 500 hukwaruza sana, na tufe hushika mapema. Namba 2000 ni ya wastani. Ukifika 4000, au ukapaka nta ya kung'arisha, tufe linachelewa kushika na kona inakuja mwishoni kwa ghafla. Nyumbani, kunja taulo kuukuu kama ngata, kalisha tufe juu yake, lowesha msasa, na sugua kwa mkono mmoja ukizungusha, kwa nguvu ile ile, dakika moja kwa kila upande. Pande ziwe nne: juu, chini, na mbavu mbili, ili lisibaki na sehemu kali na sehemu laini. Anza na 500, malizia na 1000 au 2000. Unapobadilisha namba, suuza vumbi lote. Punje moja ya msasa mkali ikibaki kwenye kipande laini itaacha alama usizoweza kuzielewa.

Kwa anayecheza ligi, watengenezaji hushauri uso upigwe msasa kila baada ya michezo kama 60. Ligi za Marekani huchezwa michezo 3 kwa usiku mmoja, msimu ukienda wiki 30 na kitu, kwa hiyo ni mara moja katikati ya msimu na mara moja mwishoni. Siyo kazi ya kukuchosha. Fundi mwenye mashine atafanya vizuri zaidi yako, hasa kama ukanda wa mbele umechubuka na tufe limeanza kupoteza umbo la duara. Asilichonge kupita kiasi tu, maana kipenyo kina kiwango cha chini, sentimita 21.59, na tufe lililochongwa mara nyingi linaweza kufika huko.

Usiguse tina wala asetoni. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wenye vidole vya utundu husikia habari za zamani na kutaka kuzijaribu. Mwaka 1973 mchezaji wa kulipwa Don McCune aliloweka matufe yake ya plastiki kwenye kemikali kali ya kuyeyushia ili ganda lilainike na kung'ata sakafu. Alishinda mashindano sita mwaka ule na akatajwa mchezaji bora wa mwaka. Muda si mrefu zikaja kanuni za ugumu wa ganda, na tangu hapo matufe hupimwa kwa kifaa. Kemikali yenyewe inashika moto upesi na mvuke wake ni wa kuogopwa. Kilichompa McCune mataji leo kitakupa tufe lililokataliwa na jiko lililoungua.

Kuhusu kanuni, tufe kuukuu lina mitego miwili mitatu ambayo anayecheza kujifurahisha hahitaji kuijali. Kama unashindana chini ya USBC, chama kinachosimamia mchezo Marekani, tazama matundu: kuanzia Agosti 1, 2020 kila tundu lazima litumike kushikia tufe. Matufe mengi ya riaktivu ya kabla ya hapo yana tundu la nne, lililotobolewa kusawazisha uzito. Hilo lazima lizibwe. Wanaorusha kwa mikono miwili bila gumba, mtindo alioutangaza Jason Belmonte wa Australia, nao wakinunua mtumba wenye tundu la gumba inabidi walizibe. Mtego wa pili ni orodha ya matufe yaliyoidhinishwa. Mwaka 2016 matufe ya Motiv yaitwayo Jackal yalifutiwa idhini kwa sababu kiini chake kilivuka kipimo, na mengine yamefuata baadaye. Mtumba wa bei ya kushangaza wenye jina kubwa unaweza kuwa mmoja wao.

Wa tatu ni ule wa yurethani niliosema nitaurudia. Mwaka 2022 USBC ilizuia kwenye mashindano yake ya kitaifa matufe ya Purple Hammer yaliyotengenezwa 2016 na 2017, kwa kuwa yalikutwa laini kuliko kipimo. Mwaka wa kutengenezwa hudokezwa na namba iliyochongwa juu ya tufe. Ukicheza na jamaa Ijumaa jioni, lirushe tu, hakuna atakayekuja na kifaa cha kupima.

Kuhifadhi ni jambo fupi: ndani ya nyumba, kwenye kivuli, joto lisilopanda na kushuka ovyo. Gereji ya Minnesota mwezi Januari na buti ya gari mjini Doha mwezi Julai ni makaburi ya matufe, kila moja kwa namna yake. Anayeishi Muscat au Doha akitoka kazini kwenda kucheza, alibebe tufe aingie nalo ofisini, wenzake wacheke. Kama litakaa miezi bila kutumika, lifute kwanza mafuta yote, lifunge kwenye mfuko, na mara moja moja ligeuze lisilalie upande mmoja. Lisilalie matundu yake.

Lini basi ukubali kwamba limekwisha? Mimi hufuata utaratibu huu: oga, msasa, kisha michezo michache kwenye mafuta mapya. Likirudisha kona, hata nusu ya ile ya zamani, lina kazi: njia zikikauka mwisho wa usiku, mafuta yakiwa yamesukumwa na kufyonzwa na matufe ya wote waliocheza, tufe lililochoka ndilo zuri, maana jipya lingekata kona kabla ya wakati na kuikosa pini ya kwanza. Wachezaji wazoefu huyaweka matufe yao ya zamani kwa saa hizo. Likigoma kabisa kukata, ling'arishe liwe la spea, yaani la kuangushia pini zilizobaki, lichukue nafasi ya lile la plastiki ambalo hujanunua. Likigoma na mkono haulipendi tena, mpe anayeanza mwenye mkono kama wako. La kutupa ni lenye ufa mkubwa tu.

Na kwa wanaotaka kurudi nalo nyumbani, wacheze Village Market jijini Nairobi au kwingineko: tufe la pauni 15 ni kilo 6.8, kwa hiyo kwenye begi la kilo 23 mawili yanaingia na nafasi ya nguo inabaki. Lizungushie taulo nene, usiliweke karibu na vitu vya kuvunjika. Ukifika, liache ndani ya begi saa kadhaa lizoee joto la nyumba kabla ya kulitoa. Kazi zote za matundu zimalize kwa fundi kabla hujasafiri, ukajaribu kwanza kwa michezo kadhaa, kwa sababu fundi wa kutoboa matufe si mtu unayemkuta kila mtaa. Nunua na vichomeo vya vidole vya akiba, jozi mbili au tatu za saizi yako, pamoja na vipande vya msasa namba 500, 1000 na 2000. Vyote havifiki nusu kilo.